Jinsi ya Kuisoma Sarafu ya Uzbekistan: Anza na Namba, Sura Ije Baadaye

Sarafu ya so'm 25 ya Uzbekistan, iliyopigwa chapa mwaka 1999, haikununulii kitu leo hata ukiwa sokoni Tashkent. Wauza sarafu huichanganya na chenji za nchi nyingine katika bakuli moja, na mnunuzi huiokota kwa sababu ya kichwa cha shujaa kilichochongwa juu yake. Hutazama sura, huuliza ni nani huyo, kisha huirudisha au huinunua. Namba 25 hapati muda wa kuifikiria. Kwa maoni yangu, hapo ndipo anapopoteza nusu ya sarafu, na ile nusu iliyo nzito zaidi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye sarafu moja au chache za Uzbekistan anayetaka kujua zinasema nini. Mfano wangu mkuu ni hiyo so'm 25. Kama unayo nyingine, fuata hatua zile zile. Majibu yatabadilika, lakini maswali hayabadiliki.

Hatua ya 1: Tayarisha meza

Unahitaji kioo cha kukuzia, rula yenye milimita, sumaku ndogo, taa inayoweza kuelekezwa upande, na kadi ya kuandikia. Mizani ya sonara ni ziada nzuri. Tandika kitambaa laini mezani, maana sarafu ikianguka sakafuni hupata kovu lisilofutika. Ishike kwa ukingo, si kwa nyuso zake. Jasho la vidole huacha alama ambayo baada ya miezi michache hugeuka doa.

Hatua ya 2: Soma namba kabla ya kitu kingine

Funika sura kwa kidole na utazame namba peke yake. So'm 25. Je, si namba ya ajabu kidogo kwa fedha iliyobuniwa karibuni? Mataifa mengi yanapopanga fedha zao hufuata mfululizo wa moja, mbili, tano, kisha kumi, ishirini, hamsini. Uzbekistan haikuanza hivyo. Noti zake za mwaka 1994 zilikuwa za so'm 1, 3, 5, 10, 25, 50 na 100. Sarafu zake ndogo za mwaka huo, ziitwazo tiyin, ambapo tiyin 100 hufanya so'm moja, zilikuwa za 1, 3, 5, 10, 20 na 50.

Namba 3 na 25 ndizo zinazofichua asili. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na noti za ruble 1, 3, 5, 10, 25, 50 na 100, mfululizo ule ule bila kupungua hata noti moja, na kopeki tatu ilikuwa sarafu ya kila siku. Uzbekistan ilijitangazia uhuru tarehe 31 Agosti 1991, ikabadilisha bendera, nembo na majina ya mitaa, lakini ilipofika kwenye pesa, watu waliendelea kuhesabu kama walivyozoea. Mkono wa muuza nyanya ulikuwa umejifunza kutoa tatu na ishirini na tano kwa miaka mingi, na serikali mpya haikuona sababu ya kuuchanganya.

Kwa hiyo andika kwenye kadi: namba hii inafuata hesabu ya Kisovieti au hesabu mpya? Sarafu za mwaka 2018 ni za so'm 50, 100, 200 na 500. Hapo 3 na 25 zimetoweka na 200 imeingia. Bila kusoma neno hata moja la Kiuzbeki, tayari unaweza kutofautisha vizazi viwili vya fedha.

Hatua ya 3: Jaribu kwa sumaku

Gusa sarafu kwa sumaku. So'm 25 itang'ang'ania, kwa kuwa ni chuma kilichovikwa nikeli. Tiyin za 1994 nazo hunaswa zote, ingawa rangi zake ni mbili: 1, 3 na 5 ni za manjano kwa kuwa chuma chake kimevikwa mchanganyiko wa shaba na zinki, na 10, 20 na 50 ni nyeupe kwa nikeli.

Hii ni nchi yenye mgodi wa Muruntau katika jangwa la Kyzylkum, mmoja wa migodi mikubwa kabisa ya dhahabu duniani. Dhahabu yake huenda kwenye akiba na kwenye mauzo ya nje. Mfukoni mwa raia huingia chuma. Sababu ni ya kawaida. Sarafu ikigharimu zaidi ya thamani iliyoandikwa juu yake, kila inayotengenezwa ni hasara, na watu wakigundua kwamba madini yake yana bei nzuri kuliko namba yake, wataiyeyusha.

Benki Kuu imewahi pia kutoa sarafu za fedha safi kwa ajili ya wakusanyaji. Hizo sumaku haizishiki. Mtu akikuuzia sarafu ya Uzbekistan kwa bei ya madini ya fedha, na sumaku ikainasa, mrudishie.

Hatua ya 4: Fafanua nembo

Geuza upande wa nembo na ulaze taa chini ili mwanga upite juu ya michoro. Nembo ya Uzbekistan ilipitishwa tarehe 2 Julai 1992, na kwenye sarafu imebanwa ndani ya duara dogo kiasi kwamba bila kioo utaona vurugu tu. Anza katikati: ndege aliyekunjua mabawa ni Humo, ndege wa hadithi za kale za Uajemi na Asia ya Kati, ambaye kivuli chake kikimwangukia mtu huaminika kumletea bahati na hata ufalme. Nyuma yake jua linachomoza juu ya milima, na kutoka huko inatiririka mito miwili, Amu Darya na Syr Darya.

Pembeni kuna masuke ya ngano na matawi ya pamba yenye vitumba vilivyofunguka. Pamba ilistahili kuwekwa hapo, kwa heri na kwa shari. Enzi za Kisovieti jamhuri hii iligeuzwa shamba la pamba la dola nzima. Maji ya mito ile miwili yalielekezwa kwenye mifereji ya umwagiliaji, na Bahari ya Aral, ambayo mito hiyo ndiyo iliyoilisha, ikakauka sehemu kubwa. Mito na pamba vimechorwa jirani katika nafasi isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Nakusihi usivipite haraka.

Juu kabisa kuna nyota ya pembe nane, na ndani yake hilali na nyota. Kwenye sarafu iliyozunguka sana, hilali ndiyo hufutika mapema. Ikiwa bado inaonekana wazi, una sarafu iliyo katika hali nzuri, na kipimo hicho kinaaminika kuliko mng'aro.

Hatua ya 5: Tazama herufi na mwaka

Kiuzbeki kimebadilishiwa herufi mara kadhaa katika karne moja: za Kiarabu, kisha za Kilatini, kisha za Kisirili, na mwaka 1993 ikapitishwa sheria ya kurudi kwenye za Kilatini, iliyorekebishwa mwaka 1995. Noti za 1994 bado zilichapishwa kwa Kisirili. Ukikuta СЎМ, hizo ni herufi za Kisirili. SO'M ni za Kilatini. Neno ni lile lile. Nukuu herufi kama ulivyozikuta, pamoja na mwaka.

Angalia pia mwelekeo. Shika sarafu nembo ikiwa wima, kisha uigeuze kama ukurasa wa kitabu. Upande wa pili ukiwa umesimama sawa, andika hivyo. Ukiwa kichwa chini, andika hivyo. Wakusanyaji huthamini sarafu ambazo pande zake zimekosana kwa makosa ya mtambo, na wengi huwa nazo bila kujua.

Hatua ya 6: Sasa mtazame mtu

Kwenye so'm 25 ya 1999 kuna Jaloliddin Manguberdi, na tukio lililokusudiwa ni miaka 800 ya kuzaliwa kwake. Alikuwa mtawala wa mwisho wa Khorezm, dola iliyotanda kutoka nchi za Amu Darya hadi Uajemi. Mwaka 1219 majeshi ya Genghis Khan yaliivamia. Mwaka 1220 Bukhara na Samarkand zikaanguka, na baba yake, Sultani Muhammad, akakimbia hadi kisiwa kimoja cha Bahari ya Kaspi, akafia huko. Mwana aliendelea kupigana. Mwaka 1221 alilishinda jeshi la Wamongolia huko Parwan, katika Afghanistan ya leo, ushindi ambao wachache mno waliupata wakati ule. Mwezi Novemba mwaka huo huo Genghis Khan mwenyewe alimbana kwenye ukingo wa mto Indus. Jaloliddin alimrusha farasi wake mtoni akavuka, na waandishi wa zamani wanasimulia kwamba Genghis Khan alisimama akamtazama kwa mshangao, akatamani wanawe wangekuwa na moyo kama ule. Aliishi miaka kumi zaidi, akipigana India, Uajemi na Kaukazi, hata akaiteka Tbilisi mwaka 1226, mpaka alipouawa mwaka 1231 karibu na Diyarbakir.

Sura unayoiona ni ya kubuniwa na msanii wa karne ya ishirini. Sarafu zilizotolewa kwa jina lake mwenyewe zilibeba maandishi ya Kiarabu, wala hazikuwa na sura yake. Tofauti hiyo inafaa kuandikwa kwenye kadi, kwani inakukumbusha kwamba sarafu ya kumbukumbu hutueleza kwanza juu ya wale walioitoa.

Na walioitoa mwaka 1999 walikuwa na shida ya kweli. Nchi ilikuwa na umri wa miaka minane. Mashujaa wa jana, Lenin na Marx, walikuwa wameshushwa kwenye viwanja. Katikati ya Tashkent, mahali palipokuwa na kichwa cha Marx, tangu 1993 alisimama Amir Timur juu ya farasi, na sanamu hiyo hiyo ikachapishwa kwenye noti ya so'm 500 mwaka 1999. Serikali ya Rais Islam Karimov ilihitaji watu wa kale wa kujaza nafasi iliyobaki wazi. Timur alitoa mfano wa mjenzi wa dola. Jaloliddin alitoa mfano wa mtu aliyepigana na mvamizi mkubwa kuliko yeye bila kusalimu amri, na kwa taifa lililotoka chini ya Moscow majuzi tu, hapakuhitajika maelezo mengi.

Khorezm ina historia ya pesa inayopendeza peke yake. Baada ya mapinduzi ya 1920 jamhuri ndogo iliyoanzishwa huko, makao yake Khiva, ilichapisha noti kwenye vitambaa vya hariri. Ukiona moja kwenye makumbusho, simama.

Kama sarafu yako ni nyingine, tafuta tukio lake. So'm 50 ya mwaka 2002 inaadhimisha miaka 2700 ya Shahrisabz, mji wa nyumbani kwa Timur. So'm 100 ya 2009 ni ya miaka 2200 ya Tashkent. So'm 500 ya 2011 ni ya miaka 20 ya uhuru. Na kama una so'm 1, 5 au 10 ya miaka 2000 na 2001, hutakuta shujaa wala jengo: utakuta namba na ramani ya nchi.

Hatua ya 7: Fuata namba ilivyohama kutoka karatasi kwenda kwenye chuma

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo sababu ya kukutaka uanze na namba.

Kwanza mpangilio wa matukio. Baada ya uhuru Uzbekistan iliendelea kutumia ruble. Mwezi Julai 1993 Urusi ilitangaza kwamba noti za zamani za Kisovieti zinaondolewa, na nchi zilizobaki nazo zikakabiliwa na mafuriko ya karatasi zilizokataliwa kwingine. Mazungumzo ya kubaki katika ruble mpya yalivunjika, kwa kuwa Moscow iliweka masharti mazito. Tarehe 15 Novemba 1993 Uzbekistan ilitoa fedha ya muda, so'm za kuponi, na siku hiyo hiyo jirani yake Kazakhstan ikatoa tenge. Kuponi zilipoteza thamani upesi. Tarehe 1 Julai 1994 zikabadilishwa kwa so'm ya sasa, kuponi 1,000 kwa so'm moja, na dola moja ya Marekani ikawa so'm 7 kwa kiwango rasmi.

Sasa chukua namba 25. Mwaka 1994 ilikuwa noti. Mwaka 1999 ikawa sarafu. Namba 100 ilikuwa noti kubwa kuliko zote mwaka 1994. Kufikia 2004 kulikuwa na sarafu ya so'm 100. Namba 500 ilikuwa noti kubwa kuliko zote ilipotoka 1999. Mwaka 2011 ikaonekana kwenye sarafu. Namba 1,000 iliingia kama noti kubwa mwaka 2001. Mwaka 2022 ikapigwa chapa kwenye chuma.

Umeona mwendo wake? Noti ndogo hushikwa na kila mkono, huchakaa upesi, na kuichapisha tena kila mara ni gharama. Thamani ya namba inaposhuka hadi kuwa chenji, benki kuu huihamishia kwenye chuma kinachodumu miaka mingi. Kwa hiyo sarafu yenye namba ambayo zamani ilikuwa noti ni cheti cha mfumuko wa bei, kimetiwa saini na benki kuu yenyewe. Shujaa ameinuliwa juu yake kwa heshima zote, na wakati huo huo namba iliyo chini yake imeshushwa daraja.

Andika kwenye kadi mistari miwili: namba hii ilikuwa noti lini, na imekuwa sarafu lini. Nafasi kati ya miaka hiyo inakupa kasi ya fedha kushuka.

Kilichofuata kwa watu wa kawaida kilikuwa kigumu. Kwa miaka kumi na miwili, kutoka 2001 hadi 2013, hapakuwa na noti kubwa kuliko ya so'm 1,000, na mwishoni mwa kipindi hicho noti hiyo ilikuwa chini ya nusu dola hata kwa kiwango rasmi. Kununua friji kulihitaji mfuko mzima wa noti, na wenye maduka waliweka mashine za kuhesabia. Huku juu pesa zilikuwa nyingi mno kubebeka, huku chini chenji hazikuwa na maana, na mnunuzi alirudishiwa peremende au kiberiti badala ya sarafu. Juu ya hayo kulikuwa na viwango viwili vya dola, cha benki na cha mtaani, na cha mtaani kilikuwa juu sana.

Karimov alifariki mwaka 2016. Mwezi Septemba 2017 serikali ya mrithi wake, Shavkat Mirziyoyev, iliruhusu ubadilishaji huru, na kiwango rasmi kiliruka kwa siku moja kutoka takriban so'm 4,210 hadi 8,100 kwa dola. Noti za 10,000 na 50,000 zilitoka mwaka huo, ya 100,000 mwaka 2019. Sarafu mpya za 2018 zilikuja ndani ya wimbi hilo. Tiyin zile za 1994 ziliendelea kuwa halali kwa malipo, kisheria tu, hadi tarehe 1 Machi 2020.

Hatua ya 8: Piga hesabu

Gawanya namba ya sarafu kwa kiwango cha dola cha mwaka unaoutaka. Noti ya so'm 25 mwaka 1994: 25 kwa 7, zaidi ya dola tatu na nusu. So'm 25 baada ya Septemba 2017: 25 kwa 8,100, kama theluthi moja ya senti ya dola. Mwaka 2024, dola ilipopita so'm 12,000, ni sehemu ya tano ya senti.

Fanya hivyo kwa tiyin 50 pia. Siku ilipozaliwa ilikuwa senti saba za dola. Kwa kiwango cha mwisho wa 2017, ungehitaji zaidi ya sarafu 16,000 za aina hiyo kufikisha dola moja, mzigo ambao kwa gramu chache tu kila moja unafika makumi ya kilo. Kiwango rasmi kabla ya 2017 kitumie kwa tahadhari, kwani mtu wa sokoni hakukipata. Weka alama ya "rasmi" pembeni mwa jibu.

Hatua ya 9: Hifadhi

Usiisugue. Majivu, ndimu na dawa ya meno huondoa ile ngozi nyembamba ya nikeli au ya shaba, na chini yake ni chuma kitupu kinachosubiri kutu. Kama kuna uchafu, iloweke kwenye maji safi, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa cha pamba, uiache hewani. Wakazi wa pwani wawe waangalifu zaidi, kwa sababu upepo wa chumvi hupenya kwenye mkwaruzo mdogo kabisa. Weka vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya ndani ya kopo la sarafu, na uvibadilishe mara kwa mara. Epuka mifuko laini ya plastiki inayonuka. Karatasi ngumu yenye dirisha, au bahasha ndogo ya karatasi isiyo na tindikali, inatosha.

Kwenye kadi yawepo: thamani, mwaka, kipenyo, jibu la sumaku, herufi, mwelekeo wa pande, hali ya hilali, tukio, mwaka wa noti na mwaka wa sarafu, na thamani kwa dola pamoja na mwaka wa kiwango.

Ukitaka kuongeza, usianze na sarafu nyingine. Tafuta noti ya so'm 25 ya mwaka 1994, yenye picha ya kaburi la Qozi Zoda Rumi katika makaburi ya Shohi Zinda, Samarkand. Bei yake ni ndogo. Iweke ukurasa mmoja na sarafu ya 1999. Kisha tafuta so'm 500 kwa mtindo huo huo, noti ya Timur na sarafu ya 2011, halafu 1,000. Jozi hizo tatu zikitimia, una historia ya fedha ya Uzbekistan huru, na huenda umetumia pesa ya nauli tu.